Je, Kuna Dawa ya Mzee Anayesahau?

Swali hili linatufikia hospitali karibu kila juma. Kijana anamleta mama yake kwa pikipiki, amemfunga kwa kitenge asianguke, na kabla hajaketi anauliza: Je, kuna dawa? Mama amesahau njia ya shamba alilolilima miaka arobaini. Anauliza habari za mume wake aliyezikwa zamani. Anaamka usiku na kufungua mlango. Ameficha pesa za mboga ndani ya chungu, kisha anamshitaki mkamwana wake kuwa mwizi.

Nitajibu swali hilo kwa ukweli, ijapokuwa jibu lenyewe ni refu. Tena nitasema neno ambalo wengine hawapendi kulisikia kwa mtu wa kanisa, maana nimeitwa mara nyingi kuwaombea wazee wa namna hii, na nimeona yanayotendeka nyumbani baada ya wageni kwenda zao.

Kwanza ujue ya kwamba jambo hili ni ugonjwa, na ugonjwa huo una jina. Mwaka wa 1901, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mganga mmoja aitwaye Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51, jina lake Auguste Deter. Mwanamke huyu alimwonea mume wake wivu bila sababu, akaficha vitu, akapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipoambiwa aandike jina lake alianza, kisha akasahau aliloanza kuandika. Akafa mwaka wa 1906. Alzheimer akaupima ubongo wake kwa darubini, akaona mambo mawili: vidonge vya uchafu vimekaa katikati ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zimesokotana kama uzi ulioharibika. Mwaka ule ule akawaeleza waganga wenzake katika mji wa Tübingen, wala hawakumjali sana. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake, nao ndio ulio mwingi kuliko magonjwa yote yanayoharibu akili ya wazee.

Tazama dalili za mwanamke yule wa Ujerumani: wivu, kuficha vitu, kupotea. Je, hazifanani na za mama yako wa Butembo? Watu wengine hudhani ya kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu tu. Si kweli. Wachunguzi waliwapima wazee wa miaka 65 na zaidi katika miji miwili jirani yetu, wakachapisha hesabu yao mwaka wa 2010. Katika Bangui, wazee 8 hivi kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza akili. Katika Brazzaville, karibu 7 kwa kila 100. Na Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu ya kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa wagonjwa hivyo duniani pote, na zaidi ya nusu yao wanakaa katika nchi zisizo tajiri. Basi usione haya kana kwamba jambo hili limeanza katika ukoo wenu.

Sasa nitasema lile neno gumu. Katika vijiji vyetu, na mjini pia, mzee anayetembea usiku akisema peke yake huitwa mlozi. Mtoto wa jirani akishikwa na homa, watu hukumbuka ya kwamba yule mama alipita mbele ya nyumba bila kusalimu. Kwa nini hakusalimu? Kwa sababu hakumtambua mtu! Lakini nani atafikiri hivyo wakati mtoto anawaka homa? Wachunguzi waliofanya kazi Brazzaville waliandika ya kwamba wazee wenye ugonjwa huu walishitakiwa uchawi mbele ya watu. Nasi tusijidhanie kuwa bora kuliko wao. Mwaka wa 2021, katika mwezi mmoja wa Septemba, habari zilitoka Kivu ya Kusini za wanawake wanane walioshitakiwa uchawi wakauawa, wengine kwa moto. Sisemi ya kwamba wote walikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, hakuna aliyewapima. Nasema tu ya kwamba mtu mwenye ugonjwa huu hawezi kujitetea. Ukimwuliza, “Je, wewe ulimla mtoto huyu?” pengine atajibu ndiyo, maana hakuelewa swali, ama anakubali kila neno ili umwache apumzike. Na watu watasema: Amekiri.

Hapa inafaa nikueleze habari moja ya Afrika ambayo wengi hawaijui. Huko Calabar, katika nchi ya Nijeria, palikuwa na mbegu ya mmea iitwayo esere. Wenyeji waliitumia kama mwavi. Mtu aliyeshitakiwa uchawi alinyweshwa maji ya mbegu hiyo. Akitapika na kupona, hana hatia. Akifa, basi alikuwa mchawi. Wamisionari Waskoti walifika Calabar mwaka wa 1846 wakaona watu wakifa kwa njia hiyo, na mbegu zikapelekwa Edinburgh zichunguzwe. Mwaka wa 1855 mganga Robert Christison alitafuna kipande yeye mwenyewe, karibu afe. Mwaka wa 1864 Wajerumani wawili wakaitoa sumu yenyewe ndani ya mbegu, ikapewa jina la fisostigmini. Mwaka wa 1935 Percy Julian, Mwamerika mweusi ambaye babu zake walikuwa watumwa, akaweza kuitengeneza pamoja na mwenzake bila kutumia mbegu.

Sumu hiyo inafanyaje kazi? Ndani ya ubongo, chembe moja huipelekea nyingine habari kwa maji fulani, na kuna kitu kingine cha kuyafuta maji hayo habari ikiisha kufika. Sumu ya esere inamzuia yule mfutaji. Ikizidi, mwili unajaa habari mpaka moyo na pumzi vinasimama. Lakini waganga walipojua ya kwamba katika ugonjwa wa Alzheimer maji yale yanapungua, wakafikiri: Je, tukimzuia mfutaji kidogo tu, kwa kipimo? Ndipo zikatoka dawa za kwanza. Tacrine ilikubaliwa Marekani mwaka wa 1993, nayo ikaharibu maini ya wengine, ikaachwa. Donepezil ilifuata mwaka wa 1996. Na ile iitwayo rivastigmine ilitengenezwa kwa kufuata mfano wa fisostigmini, yaani mfano wa mwavi ule wa Calabar. Mmea uliowaua waliohesabiwa wachawi umewaonyesha waganga njia ya kuwasaidia wazee wanaohesabiwa wachawi! Wakulima wa Lubero wanaouza magome ya kinkina hawatashangaa sana, maana wanajua ya kwamba kinini ya malaria inatoka katika mti mchungu.

Je, dawa hizi zinaponya? Hapana. Zinawasaidia wengine, miezi kadhaa ao mwaka na zaidi, kukumbuka vizuri kidogo na kuvaa nguo wenyewe. Wengine hawaoni faida yo yote. Zinaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha, na kuupoozesha moyo. Kwa hiyo usizinunue sokoni kwa neno la mwuzaji. Mganga aupime moyo kwanza. Na yule mtu anayezunguka na chupa akisema ana maji ya kurudisha akili ya wazee, mwulize ameijaribu kwa watu wangapi, na nani aliyewahesabu. Ataondoka upesi.

Neno hilo la kuhesabu ni kubwa, nami nataka ulishike, maana ndipo habari za dawa mpya zinapoanza.

Watu wa Beni, watu wa Butembo, ninyi mnajua namna dawa inavyojaribiwa kuliko wengi wa Ulaya. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa kwetu. Mwezi wa Novemba mwaka ule, dawa nne zilianza kujaribiwa Beni, kisha Butembo, Katwa na Mangina. Profesa Muyembe na wenzake hawakusema, “Dawa hii ni bora,” kwa sababu ilipendeza macho. Kila mgonjwa aliyekubali alipata moja ya dawa nne kwa kura. Wagonjwa 681 waliingia. Mwezi wa Agosti 2019 hesabu ilionyesha wazi: kwa dawa mbili, walikufa 33 ao 35 kwa kila 100, kwa nyingine mbili, karibu 50 ao zaidi. Mara moja zile mbili dhaifu ziliachwa. Na moja ya zile mbili nzuri ilitoka wapi? Katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka wa 1995. Mwaka wa 2020 dawa zote mbili zilikubaliwa huko Marekani, kwa hesabu iliyofanyika hapa, kwa wagonjwa wetu, katikati ya risasi na mawe na uvumi wa kila namna. Sijui kwa nini hatuwafundishi watoto wetu habari hii kwa furaha zaidi.

Dawa zile mbili ni namna ya askari wa damu. Mwili wa mtu aliyepona unafanya askari wanaomtambua adui mmoja tu na kumshika. Waganga wakachagua askari bora, wakamzidisha katika kiwanda. Sasa ufahamu: dawa mpya za Alzheimer ni askari wa namna hiyo hiyo, lakini hawa wamefundishwa kushika ule uchafu ulioonekana na Alzheimer katikati ya chembe za ubongo, uitwao amiloidi.

Ya kwanza iliitwa aducanumab. Ilikubaliwa Marekani mwaka wa 2021 ijapokuwa washauri walikuwa wamesema hesabu haitoshi, na watatu kati yao wakaacha kazi hiyo kwa hasira. Mwaka wa 2024 kampuni yenyewe iliiacha dawa ile. Mimi nawasifu washauri wale watatu. Ya pili, lecanemab, ilijaribiwa kwa watu 1,795 walio katika mwanzo wa ugonjwa, kwa miezi 18, nusu wakipata dawa na nusu wakipata maji matupu, pasipo kujua. Hesabu ilionyesha ya kwamba waliopata dawa walirudi nyuma polepole zaidi, kwa kadiri ya 27 kwa mia. Ikakubaliwa kabisa Julai 2023. Ya tatu, donanemab, ilikubaliwa Julai 2024.

Usiruke kwa furaha bado. Wale waliopata dawa hawakupona. Waliendelea kusahau, ila kwa mwendo wa pole. Kwa kipimo cha alama 18, tofauti katika miezi 18 haikufika nusu alama. Jamaa wengi hawangeiona kwa macho. Tena ubongo wa wagonjwa 12 ao 13 kwa kila 100 ulivimba, na wengine walitokwa damu kidogo ndani ya kichwa. Kwa wengi ilipita, wachache wakafa. Kwa hiyo sharti mgonjwa apigwe picha ya ubongo kwa mashine kubwa mara kwa mara, na hospitali zetu nyingi hazina mashine hiyo. Katika majaribio yale dawa ilitiwa mshipani kila majuma mawili, na huko Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe ni mizigo mingapi ya kahawa. Hata Uingereza, nchi tajiri, mwaka wa 2024 waliiruhusu iuzwe lakini washauri wa hospitali za serikali wakasema faida ni ndogo kwa gharama hiyo.

Basi kwa nini nakusumbua na habari za dawa ambayo hutaipata? Kwa sababu mbili. Ya kwanza: usiuze shamba wala usikope kwa ajili yake. Nimemwona mtu mwenye akili nzuri akitaka kuuza kiwanja kule Beni ili ampeleke baba yake ng'ambo, na baba alikuwa ameugua miaka minane. Dawa hizi si za ugonjwa uliokwisha kwenda mbali. Ya pili: mlango umefunguka. Tangu mwaka wa 2003 hata 2021 hakuna dawa ya namna mpya iliyokubaliwa Marekani kwa ugonjwa huu. Miaka kumi na minane ya kushindwa. Sasa imeonekana mara ya kwanza ya kwamba ugonjwa wenyewe unaweza kupunguzwa mwendo. Dawa za kwanza za ukoma hazikuwa nzuri vilevile, wala za Ukimwi. Tena zile za Ukimwi zilikuwa za matajiri miaka mingi kabla hazijafika kwetu.

Njia nyingine zinafuatwa pia. Ya kwanza ni kupima damu. Zamani, kujua kwa hakika kama ugonjwa ni Alzheimer, ilikuwa lazima kungoja mtu afe, kama Auguste Deter. Baadaye ikawa kwa mashine ya thamani ao kwa kutoa maji ya uti wa mgongo. Mwezi wa Mei 2025 Marekani waliruhusu kipimo cha kwanza cha damu, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Kwangu mimi, muuguzi wa nchi yenye mabarabara mabaya, habari hii inanipendeza kuliko dawa zote tatu. Chupa ya damu yaweza kusafiri mahali ambapo mzee hawezi.

Ya pili inashangaza. Katika Wales walianza kuwachanja wazee kwa ajili ya mkanda wa jeshi, ule upele wa moto ambao hapa tunauita zona. Lakini waliweka mpaka: aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 ao baadaye aliruhusiwa kuchanjwa, aliyezaliwa siku moja mbele alikosa. Ikawa kama kura, bila mtu kuipanga. Wachunguzi wakalinganisha wazee wa pande mbili za mpaka, na mwaka wa 2025 wakatangaza ya kwamba kwa miaka saba waliochanjwa walipata ugonjwa wa kupoteza akili pungufu, kama mmoja kwa kila watano aliokolewa. Hakuna ajuaye bado kwa hakika sababu yake. Pengine virusi inayolala ndani ya mishipa inasumbua ubongo. Watu wanaokataa chanjo kwa sababu ya uvumi wa mitaani wafikiri habari hii.

Na njia nyingine imefungwa. Dawa ya kisukari iitwayo semaglutide ilitumainiwa sana; Novemba 2025 ikatangazwa ya kwamba haikupunguza mwendo wa ugonjwa. Nakuambia na hii ili usidhani kila tangazo la redio ni wokovu.

Hapa nina shauri langu mwenyewe, na wengine watakataa. Katika kujaribu zile dawa mpya, watu weusi walikuwa wachache sana. Tena kuna kitu cha kurithi kiitwacho APOE4, ambacho kwa Wazungu kinaongeza hatari ya Alzheimer, na kwa wanaotumia askari wale wa damu kinaongeza hatari ya kuvimba ubongo. Kitu hicho ni kingi katika watu wa Afrika ya Kati. Lakini kwa Wayoruba wa Ibadan, ambao walichunguzwa tangu miaka ya 1990 pamoja na Waamerika weusi wa mji wa Indianapolis, hakikuonekana kuleta hatari kama kwa Wazungu. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa Ibadan chini ya nusu ya ule wa Indianapolis. Kwa nini? Chakula? Kazi ya mikono? Mshipa usiojaa mafuta? Swali hilo halijajibiwa, na jibu lake laweza kuwasaidia watu wa dunia yote. Mwana wa Kongo, Jean Ikanga, anayefundisha Marekani katika chuo cha Emory na kufanya kazi pamoja na chuo cha Kinshasa, amekwisha kuanza: amewapima wazee wa Kinshasa kwa maswali na picha zinazofaa hata kwa mtu asiyesoma, na kwa damu, apate kujua kama alama zilizopatikana kwa Wazungu zinafaa kwetu. Nasema: wachunguzi wa namna hiyo wakifika siku moja Butembo, tusiwapige mawe. Tuwaulize maswali magumu, tudai maelezo kwa lugha yetu, tudai ya kwamba dawa itakayopatikana irudi hapa kwa bei tunayoweza. Lakini tusikimbie. Wale 681 hawakukimbia.

Sasa, wakati tunangoja, kuna kazi nyumbani. Waganga waliokusanywa na gazeti la Lancet waliandika mwaka wa 2024 ya kwamba karibu nusu ya ugonjwa huu duniani, 45 kwa mia, inahusika na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa ao kupunguzwa. Sitayataja yote. Kwetu naona tansio ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu haiumi. Mtu ana tansio kubwa miaka kumi, anasema yu mzima, na mishipa midogo ya ubongo inakufa mmoja mmoja. Vidonge vya tansio si ghali kama lecanemab! Kisukari pia. Na masikio: mzee asiyesikia hukaa peke yake, na ubongo usiozungumza na mtu hudhoofika. Wengine hata huitwa wenye wazimu, kumbe ni uziwi tu, ao nta ndani ya sikio, nami nimeitoa kwa maji ya uvuguvugu na mzee akacheka. Lotoko na kasiksi nyingi. Moshi wa jikoni. Kisha ajali za kichwa. Vijana wa pikipiki, vaeni kofia, maana kichwa kilichovunjika leo kitadai deni lake baada ya miaka arobaini.

Tena, na hili ni la maana sana, si kila mzee anayechanganyikiwa ana Alzheimer. Kama akili imeharibika kwa siku mbili ao tatu, mlete upesi; yaweza kuwa malaria, ao ugonjwa wa mkojo, ao mapafu, ao kiu tu. Kama alianguka mwezi uliopita, yaweza kuwa damu inakusanyika polepole chini ya fuvu. Uvimbe wa shingo unaweza kuupoozesha mwili na akili pamoja. Kaswende ya zamani, Ukimwi, damu pungufu: hayo yana dawa, nayo tunaweza kuyapima. Na kuna huzuni. Tangu Oktoba 2014 wazee wa Beni na Oicha wamezika wana wao na wajukuu, wamekimbia mashamba, wamelala katika nyumba za watu wasiowajua. Mzee wa namna hiyo asiposema wala kula, usiseme upesi ya kwamba ubongo umekufa. Huzuni nayo hutibiwa. Hata kuhama kwenyewe kunafunua ugonjwa uliofichika: kijijini mama alijua kila jiwe la njia, alipofika Butembo amepotea kati ya nyumba ya pili na ya tatu, na watu wanasema ameugua kwa sababu ya mji.

Na maombi? Mimi naomba pamoja na wagonjwa kila siku, wala sitaacha. Lakini kumfungia mzee katika chumba cha maombi siku tatu bila chakula, kumfunga kamba, kumpiga ili pepo atoke, hayo nayakataza wazi, hata kama anayeyafanya ana Biblia mkononi. Mzee asiyekunywa maji siku mbili huchanganyikiwa zaidi, hupiga kelele zaidi, na wale wanaoomba husema, “Tazama, pepo amekasirika!” Figo zake ndizo zinazokufa. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikusema iishe siku watakapotusahau majina. Wachungaji, nawasihi mseme jambo hili katika ibada, kwa sauti, kabla mtaa haujachukua mawe.

Kazi ya kumtunza ni nzito, nami najua inamwangukia nani: mkamwana, yule yule anayeitwa mwizi. Wana wa kiume wanatuma pesa kutoka Goma ao Kampala na kushukuriwa. Yeye anaosha shuka. Mpeni siku ya kupumzika. Akina mama wa kanisa waweza kupokezana, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Usibishane na mgonjwa. Akiuliza mume wake yuko wapi, usimwambie kila siku ya kwamba amekufa, maana kila siku analia upya. Mwulize habari za mume huyo, atakueleza vizuri habari za zamani. Mpe kazi ya mikono: kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, hata kama unayarudia. Ondoa mashoka na mafuta ya taa. Usiku, kengele ndogo mlangoni ni bora kuliko kamba mguuni.

Ukimleta hospitali, uje na mtu anayekaa naye nyumba moja, si yule anayekuja siku za Noeli tu. Leta vidonge vyote anavyomeza ndani ya mfuko mmoja, hata vile vya sokoni. Mara nyingi tunakuta Valium humo, ambayo peke yake inaweza kumpoteza mzee akili. Uandike ni mwezi gani alianza kusahau na alisahau nini kwanza. Mwambie kwa upole mahali mnapokwenda, hata kama atasahau njiani. Na mje asubuhi, maana jua likishuka wazee hawa huchanganyikiwa zaidi.